Namba ya Kuzaliwa

"Ichomeke hapohapo unapopigia muziki," alisema mshonaji. "Hiyo mashine ndiyo naiamini."

Fundi wa kompyuta alikuwa na mashine tatu mezani, lakini mteja ni mteja. Akapokea diski, nyeusi, saizi ya kipande cha sabuni. Juu yake imeandikwa kwa kalamu nene: HARUSI NA NYIMBO.

"Inaumwa nini?"

"Haiumwi. Nataka kujua kama mume wangu ameinakili akampa mtu."

"Shemeji! Jamaa yangu yule mpole? Wivu huo."

"Ni wivu, ndiyo. Chomeka."

Wimbo uliokuwa ukipigwa ukaisha. Mshonaji akaanza kuuimba wa pili kwa sauti ya puani kabla haujaanza. Ulipoanza, ndio uleule. Fundi akamsifu kwa sikio zuri.

"Sasa tazama," alisema, maana alipenda kufundisha kuliko kutengeneza. "Diski za wateja hapa zote zimeandikwa PICHA. Nikifuata majina, nitampa mwalimu harusi ya muuza nyama. Nafuata namba. Kila mfumo wa faili, yaani mpangilio wa ndani ya diski, huzaliwa na namba yake, haifanani na ya mwingine duniani."

"Na ukinakiliwa?"

"Ukinakili diski nzima kama ilivyo, nakala inabeba na namba. Hapo mtu atafuta picha, atabadilisha jina, atabandika hata maua. Namba iko palepale, inamcheka."

"Mume wangu anajua hayo?"

"Ajulie wapi? Programu ya kunakilia nilimwekea mimi, ya namba sikumwambia. Hata mke wangu hajui, na tunalala kitanda kimoja."

"Pole," alisema mshonaji.

Fundi akachomeka. Mashine ikafikiri kidogo, ikaandika maneno mekundu.

"Imeikataa," alisema fundi. Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena. Maneno yaleyale. "Inasema yenye namba hii ishafunguliwa."

"Ishafunguliwa wapi?"

"Humuhumu." Akacheka. "Basi shemeji, pole sana, umeibiwa mume! Pacha wa diski yako yumo ndani ya mashine hii, tumtafute tu ni..."

Akachungulia nyuma ya mashine. Ilichomekwa diski nyingine moja tu, nyekundu, yenye kibandiko cha maua. Ndiyo iliyokuwa ikiimba.

Mshonaji akavuta kigoda, akakaa, akapanga mkoba magotini.

"Hiyo ya nani, fundi?"

Fundi akapunguza muziki. Halafu akauzima kabisa.

"Ya mama watoto. Alisema kapewa na shoga yake kazini."

"Mm." Mshonaji akachomoa diski yake mwenyewe, taratibu, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaitia mkobani. "Nimeijua tangu wiki iliyopita, nilipokuja kwako kumshonea mkeo gauni, nikaikuta inaimba jikoni nyimbo zetu kwa mpangilio uleule. Lakini mimi si mmbea, fundi. Ndiyo maana nikataka mashine yako ikwambie yenyewe."