Fidla Isiyonyamaza

Kila Jumapili alasiri marafiki walikusanyika sebuleni kwa Bi Raya kupiga muziki, kama walivyofanya tangu ujana wao. Kwa miaka hiyo yote, kuta za nyumba zilikuwa zimejifunza mikono ya wapigaji. Mtu akiacha kupiga, ukuta humpokea palepale, kwa mkono wake uleule, wimbo usikatike. Mwenzao Sharifu alipougua miguu asiweze kuja, udi wake uliendelea kuvuma kana kwamba yupo. Hata kwenda kumjulia hali wakaahirisha mara tatu.

Jumapili hii kahawa ilianza kufurika jikoni. Bi Raya akailaza fidla yake kitini, akanyanyuka katikati ya wimbo. Alipokuwa akiepua birika, aliisikia fidla yake ikilia kule sebuleni. Pale kidole chake kibovu kinapoteleza kila mara, safari hii fidla haikuteleza.

Akarudi na sinia la vikombe, akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha. Masoud, mpiga ganuni, alikuwa bado amefumba macho, uso ameuelekeza kwenye kile kiti.

"Hongera, Bi Raya," akasema. "Leo umepiga haswa."

 Kabla ya kujibu, Bi Raya alitega sikio, asikie kama ukuta utamjibia.