Vitu Vitatu vya Bibi Kakakuona

Wanyama walipotaka kujijua walikwenda kwa Bibi Kakakuona. Bibi alitandika mkeka, akapanga juu yake jembe, kibuyu cha maji na mkuki. Anayeshika jembe ni mchapakazi, anayeshika kibuyu ni mpole, anayeshika mkuki ni shujaa. Nyani alishika mkuki, akarudi kwao kifua mbele, na mpaka leo akisikia mbwa hupanda mti.

Siku moja akaja Nungunungu, macho chini.

"Bibi, kila ninayemsogelea hunikimbia. Niambie nimezaliwa kufanya nini."

"Chagua, mjukuu wangu."

Nungunungu akavitazama vile vitu, kisha akautazama mguu wa Bibi. "Mbona umevimba?"

"Mwiba wa mgunga. Umo humo tangu masika. Wewe chagua kwanza."

"Vitu vitangoja, Bibi."

Akachomoa mwiba mmoja mgongoni mwake, ule mwembamba kuliko yote, akachokonoa taratibu huku akipuliza. Mwiba wa mgunga ukatoka.

Bibi akakanyaga chini, akatabasamu, akaanza kukunja mkeka.

"Na mimi je? Sijashika kitu!"

"Wote waliokuja hapa walitazama vitu, baba. Wewe umenitazama mimi. Nenda nyumbani."

Nungunungu akaondoka akinung'unika kwamba hakuambiwa lolote.

Kesho yake asubuhi Swala alifika akichechemea. Bibi akanyoosha mkono kuchukua mkeka, lakini Swala akamzuia.

"Samahani, Bibi. Nauliza tu, kwa Nungunungu ni wapi?"