Neno Moja Kwenye Faili

Faili lilikuwa na neno moja tu: mlango.

Kanze akaifunga programu, akaifungua tena. Mlango. Neno hilo mamake alikuwa amelitamka sasa hivi, naye Kanze akaliandika. Lakini yale mengine yako wapi? Tangu kiharusi kimnyang'anye mamake usemi, kila neno lililomrudia lilihifadhiwa humo, na kila asubuhi mama alitaka kusomewa yote kabla ya chai.

"Soma," mama akasema, akigonga meza kwa kidole.

"Ngoja kidogo, Mama."

Programu aliiandika mwenyewe kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na haikuonyesha kosa lolote. Akapekua mistari yake, huku tuktuk zikipiga honi chini barabarani Makadara. Hata alipoiona herufi iliyokosewa hakuelewa mara moja. Kwenye amri ya kufungua faili palikuwa na w, inayofuta kila kitu kabla ya kuandika. Ilitakiwa a, inayoongeza mwishoni. Jana alikuwa akiijaribu programu. Je, ni yeye aliyeibadilisha? Hakukumbuka.

"Yamefutika, Mama. Maneno yote."

Mama akamkodolea macho, kisha akaufunika mdomo wake kwa kiganja, kana kwamba yamefutika humo.

"La, la! Si yako," Kanze akasema, akiushika mkono ule na kuushusha taratibu. "Yaliyopotea ni yangu, ya kwenye faili. Nitajie wewe, niandike."

Mama akalinyooshea kidole dirisha.

"Di..." akaanza.