Pingu Juu ya Barua

Hakimu wa kilimani alimwachia Mlekwa huru. Hakimu wa bondeni akamfunga kwa shauri lilelile, kumkomoa mwenzake tu. Miezi minane askari Feruzi alimpandisha na kumteremsha, huku wakubwa wakigombania nani mkubwa. Leo barua ya Gavana imefika: mahakimu wote wawili wamehamishwa.

"Na mimi, afande?" aliuliza Mlekwa.

Feruzi aliisoma tena, mbele na nyuma. "Hujatajwa, bwana. Hata farasi wao wametajwa!"

Akamfungua pingu ili ale, kama kila adhuhuri. Safari hii aliziweka juu ya barua, akageukia ukutani.

"Ramani hii," alisema, amempa mgongo, "sijawahi kuitazama vizuri."

Nyuma yake, bakuli liliwekwa chini, taratibu.