Tende ya Bi Mize

Siku hizi mtoto mchanga haonjeshwi kitu, hata maziwa ya mama, mpaka tone la damu ya kisigino chake lisomwe. Bi Mize alisubiri, tende mkononi, amlambishe mjukuu wake kama desturi ya nyumba yao.

Dokta Salha, mtafiti wa magonjwa ya kurithi, alileta jibu mwenyewe badala ya kutuma ujumbe.

"Anyonye, bibi. Ila tende hapana. Mwili wake hauiwezi sukari ya matunda. Asipoigusa, atakua vizuri."

"Kaka yake, kabla ya vipimo hivi, nilimpa maji ya tende kila siku," Bi Mize alisema taratibu. "Tulimzika kabla hajatimiza siku arubaini."

Salha aliipokea tende, akakichovya kidole cha bibi kwenye kikombe cha maziwa ya mama yaliyokamuliwa.

"Mlambishe haya."

Mtoto akakinyonya kidole, akalala kabla bibi hajathubutu kukitoa.