Ukuta wa Barabarani

Fundi aliegemeza tindo chini kabisa ya ukuta, pale panapobeba nyumba nzima, akapiga nyundo. Bamba la saruji likadondoka. Akasogea kidogo, akapiga tena.

Baba yake mdogo alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. "Wewe mtoto, nimekuita uzibe nyufa, si uichimbe nyumba!"

"Saruji imeoza, baba mdogo. Siwezi kupaka juu ya uozo."

"Basi fanya haraka. Manispaa wanasema ukuta utaangukia wapita njia. Nyumba isimame tu hadi niiuze. Mnunuzi anataka kiwanja. Haya mawe ya kizee atayazoa na lori." Akacheka. "Marehemu baba yako angelia kama mtoto."

Fundi akaendelea kupiga nyundo. Nyumba hii ya mawe, baba yake aliitunza kwa mikono yake maisha yake yote. Alipofariki, huyu mdogo wake alimtoa mjane nje na sanduku moja, mvua ikinyesha, kisha akafunga mlango kwa ndani.

Jioni, mama alikuwa akikunja nguo katika chumba walichopanga.

"Umefika wapi na kazi?"

"Chini ya ukuta. Nimebandua yote."

Mikono ya mama ikasimama. "Mwanangu, mimi nilishamsamehe."

"Mimi bado."

"Ukuta ule ukimwangukia, utaniambia nini?"

"Kula, mama, chakula kinapoa. Kinachomjia atakiona akiwa wima."

Wiki zilizofuata, fundi alifanya kazi nyuma ya magunia yaliyoloweshwa maji, yaliyoning'inia kuanzia paani. Baba mdogo alipotaka kuchungulia, alizuiwa. "Chokaa mbichi haitaki jua wala upepo," fundi akamwambia.

"Chokaa? Nani amekuagiza chokaa?"

"Zawadi yangu kwako."

"Ndiyo maana nasema, damu ni damu," akasema, akajipiga kifua.

Siku ya kufunua, mnunuzi alikuja na futi ya kupimia. Baba mdogo alivaa shati jipya. Watu wakakusanyika. Mama naye alikuja mbio kumzuia mwanawe, lakini alichelewa; akakwama ng'ambo ya barabara.

"Wewe simama huku kando, mzee," fundi akamwambia mnunuzi. "Baba mdogo, wewe sogea. Karibu zaidi. Hapo hapo, chini ya ukuta."

"Kama bwana harusi!" baba mdogo akatania, akasogea.

Fundi akashika kamba. Mama akafumba macho.

Magunia yakaporomoka kwa kishindo. Vumbi likatanda, kisha likatua.

Ukuta ulisimama, mweupe, umenyooka. Matao ya madirisha, ambayo saruji iliyafukia miaka mingi, yalikuwa wazi tena. Watu wakapiga makofi, na baba mdogo akapiga kuliko wote.

Mwanamke mmoja akajitokeza katikati ya watu, ameshika kibao cha chuma.

"Natoka idara ya majengo ya kale, fundi ndiye aliyeniita," akamwambia baba mdogo. "Hongera sana. Saruji tu ndiyo iliyokuwa inatuzuia kuisajili nyumba yako. Kuanzia leo ni marufuku kuibomoa, na kila ufa utakaotokea ni wajibu wako kuurekebisha."

Mnunuzi akakunja futi yake, akaondoka bila kuaga.

Fundi akampokea afisa kile kibao. "Nishikie msumari, baba mdogo."