Umbali wa Toronto

Kila Jumapili baada ya ibada, Rebeka alimwomba mwalimu Cleopa ampimie tena, kana kwamba wiki moja ingeweza kupunguza kitu.

Cleopa hakuchoka. Alifungua simu yake pale nje ya kanisa, Kilosa, akamsomea: Dar es Salaam hadi Toronto, zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili. Ukijumlisha na kubadili ndege njiani, ni karibu siku nzima.

"Na akitoka leo?"

"Kesho yuko Dar, mama. Keshokutwa yuko kwako."

Ilikuwa miaka miwili sasa tangu wakala wa ajira aje kumchukua Yared, mwanawe wa pekee. Shamba la Kilangali, aliloliuza Rebeka, ndilo lililomlipia safari. Yared hakumsahau mama yake. Alipiga simu kila wiki, akamsimulia theluji na maghorofa, na alipoulizwa huko ni saa ngapi, alitaja saa ileile ya Kilosa. Rebeka alijua anafanya hivyo ili asimchanganye.

Akikata simu, nyumba ilirudia ukimya wake. Alisonga ugali wa mtu mmoja, na bado ulibaki.

Kisha uvimbe wa shingoni ukaanza kumkaba. Akapewa rufaa ya kwenda hospitali huko Mikumi, angepasuliwa Ijumaa. Jumatatu alfajiri alipanda basi peke yake. Mapokezini alipokewa na muuguzi kijana, Joyce, aliyemwamkia vizuri na kumjazia fomu, mpaka akafika kwenye jina la ndugu wa kumuuguza.

"Nani atakaa na wewe, mama?"

Rebeka alisema anaye mtoto, ila yuko mbali. Joyce akamshauri ampigie hata hivyo.

Alipiga hesabu zake za Jumapili. Jumatatu mpaka Ijumaa, siku zinatosha na kubaki. Akatoka hadi getini, kando ya barabara kuu ambako malori yaendayo Zambia huegeshwa, akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimweleza yote bila kulia. Hakutaka kitu kingine, alisema, ila kumwona usoni kabla hajapasuliwa.

"Ningekuja, mama. Lakini huku ni mbali mno."

Honi ya lori ikalia barabarani. Papo hapo ikalia pia ndani ya simu.

Rebeka akainua macho. Ng'ambo ya barabara, kijana mwembamba aliyeloa mpaka magotini alikuwa amechuchumaa kando ya tairi, mkono mmoja brashi, mkono wa pili simu, akijifuta macho kwa bega.

Alimtazama kitambo. Kisha akajivuta nyuma ya nguzo ya geti, asionekane.

"Ni mbali kweli, mwanangu," alisema. "Usijisumbue."